Zamu Zetu za Mwaloni

Mwanza, Jumapili, 20 Oktoba 2024

Huu ni mwezi wa saba tangu nitoke Rorya. Niliondoka baada ya Pasaka, nikamwambia mke wangu Rozina kwamba nitapakia dagaa mpaka mgongo ukatae. Mgongo umeanza kukataa, na mimi bado nipo.

Shule niliachia kidato cha pili. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, jioni nikitoka kazini. Kiingereza cha wale walimu nakielewa nusu. Nusu nyingine naangalia wanachoandika. Miezi kadhaa nilikuwa nakosea tu, naingia na kutoka. Siku moja ikaitika. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama nimepatwa na jambo.

Nieleze hiyo programu, maana najivunia. Hapa mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, fuso likija kuchukua magunia, wanapakia watu sita. Makuli tuko arobaini na kitu, kwa hiyo kuna foleni ya majina. Sita wa juu wakishapakia wanakwenda mkiani, wanaofuata wanapanda. Zamani foleni ilikaa kichwani mwa mwenyekiti wetu, Ngosha, na hazikupita siku mbili bila ngumi. Sasa iko kwenye simu yangu. Gari likifika nabonyeza, majina sita yanatoka, Ngosha anayasoma kwa sauti dirishani mwa ofisi. Anayepakia zamu isiyo yake anasimamishwa wiki nzima. Ngumi zimeisha. Jina langu ni Oyoo, lakini watu wananiita Injinia. Wengi kwa heshima, binamu yangu Okwach kwa kejeli.

Ngosha amesema kuanzia mwakani atamweka mtu wa kukaa pale dirishani kutwa, kusimamia zamu, alipwe bila kubeba gunia. Kiti ni kimoja. Sioni nani mwingine atakikalia.

22 Oktoba

Mbalamwezi imeisha, mitumbwi imetoka na taa zake. Dagaa wanafuata giza, wiki tatu hivi kila mwezi, na sisi tunawafuata dagaa. Mvua ya rasharasha.

23 Oktoba

Leo Mama Dorcas amekuja na binti. Mama Dorcas ndiye mfanyabiashara mwenye magari mengi kuliko wote hapa. Akikohoa, Ngosha anatafuta dawa. Akasema:

"Huyu ni Queen Luhaga, mtoto wa dada yangu, wa Misungwi. Amesomea kompyuta chuoni, cheti anacho. Nataka zamu zishikwe na mtu aliyesoma. Mali yangu haiwezi kungoja simu ya mtu iliyopasuka kioo."

Makuli wakaguna. Huyo binti akanisalimia vizuri, akaomba kuiona programu yangu. Akaishusha na kidole, akaipandisha.

"Kaka, hii yote umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hii a, na hii aa, na hii aaa, ni nini?"

"Mimi nazijua."

"Na ukiugua?"

"Siugui."

Watu wakacheka sana, Okwach akapiga makofi. Queen hakucheka. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto mchafu kwa mama yake.

Ngosha akaamua: "Giza hili zamu atazishika binti. Giza lijalo, Oyoo. Atakayetupa amani ndiye wa kiti."

"Amani kaleni nyinyi," Mama Dorcas akasema. "Mimi nataka gari langu lijae kabla ya mvua."

25 Oktoba

Nimebeba tangu asubuhi. Queen yuko dirishani na kompyuta yake, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, mwaloni!

30 Oktoba

Programu yake inapendeza kutazama, lazima niseme. Ina rangi, inaonyesha jina lako na uko wa ngapi, na kila jioni inajihifadhi mahali pengine ili simu ikipotea kitu kisipotee. Yangu ingepotea. Lakini urembo haubebi gunia.

Mvua kubwa mchana. Dagaa walioanikwa mchangani wameloa.

4 Novemba

Ilivyotokea ndivyo nilivyotegemea.

Mzee Shimba ndiye kuli mkubwa kwa umri hapa, wote tunampa shikamoo. Wiki iliyopita alifiwa na dada yake Usagara akaenda kuzika. Leo amerudi, kichwa kimenyolewa, akauliza zamu yake. Queen akatazama.

"Uko wa thelathini na tisa, mzee."

"Niliondoka nikiwa wa pili."

"Uliitwa, hukuwepo. Mfumo ukakupeleka nyuma. Ukaitwa tena, hukuwepo."

"Nilikuwa nazika."

"Najua, mzee, pole sana. Lakini mfumo hauwezi kujua mtu yuko wapi."

Mzee Shimba hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, tangu mwalo huu uwepo, mtu akienda kuzika zamu yake inamngoja. Leo ndiyo nimeambiwa kwamba ningemwacha dada yangu juu ya kitanda nije kupakia."

Hapo ndipo mwalo ulipolipuka. Wengine wakatupa chini vitambaa vyao vya begani. "Chuo gani hicho hakina msiba?" "Muulize, huko Misungwi watu hawafi?" Gari moja likaondoka nusu tupu. Queen alikaa pale dirishani, macho yamejaa maji, akawa anabonyeza kompyuta, hajui abonyeze nini.

Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba atakwama hapo. Sikumwambia. Haya ni mashindano, na yeye hakuniuliza.

5 Novemba

Mzee Shimba amerudishwa wa pili, kwa mkono. Kazi imeendelea.

11 Novemba

Giza limeisha. Mitumbwi imevutwa juu. Nimelala kutwa kama gogo. Rozina amepiga: mahindi yameota vizuri, anauliza Krismasi nitafika? Nimesema nitafika, na nitafika nikiwa mtu wa kiti.

20 Novemba

Giza langu limeanza. Nimeweka mstari wa msiba: aliyekwenda kuzika asirukwe. Nilimaliza mapema nikaenda kuoga ziwani nikiimba.

22 Novemba

Hakuna ugomvi. Ngosha amenipiga begani.

24 Novemba

Siku hizi nikiketi kupumzika lazima mtu aje. Juzi alikuja mmoja mke wake amejifungua, nikamwandikia mstari wake. Mwingine ana homa, nikamwandikia. Mwingine ameitwa na mwenyekiti wa mtaa kuhusu kiwanja. Leo Okwach, akiniita ndugu kwa Kijaluo:

"Omera, jino. Kesho nakwenda kung'oa."

"Jino siyo msiba, Okwach."

"Njoo ulitazame ndiyo useme."

Akafungua mdomo. Nikamwandikia. Hawa watu nakula nao, nalala nao nyumba moja, wengine ndio walionikopesha godoro nilipofika. Nitamwambia nani hapana? Na programu inaendelea kuitika. Queen amepita leo akasimama nyuma yangu akatazama nikiandika.

"Umeijaribu?" akauliza.

"Inafanya kazi tangu juzi. Jaribio gani tena?"

Akaondoka. Nilifurahi kidogo.

28 Novemba

Naandika hii mikono inanuka dagaa waliooza, na nimeoga mara mbili.

Jana mama yake Kija alifariki. Kija ni kuli mwenzetu anayependwa na kila mtu, kwa hiyo leo asubuhi kundi kubwa liliondoka naye kwenda kuzika. Wote nikawatia alama ya msiba. Wagonjwa walikuwa na alama yao. Okwach alikuwa bado na alama ya jino.

Saa za mchana wingu likaanza kusimama upande wa Sengerema, jeusi chini, jeupe juu. Kila mtu hapa analijua wingu la namna hiyo. Na hapo hapo fuso la Mama Dorcas likaingia, na magunia yake yote yako nje yamepangwa, mdomo wazi, yanasubiri kushonwa na kupakiwa. Nikabonyeza.

Hakuna jina.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Ngosha akanyoosha shingo dirishani. "Soma, Injinia."

"Bado haijatoa."

"Haijatoa nini? Watu hawa hapa wamesimama!"

Walikuwa wamesimama kweli, ishirini na zaidi, mikono imekunjwa kifuani. Kisha nikaelewa. Sita wa juu wote walikuwa msibani. Nilikuwa nimeiambia programu mtu wa msibani asirukwe, basi haikumruka. Ilikuwa inamngoja. Ingemngoja mpaka Kija amalize matanga, na foleni yote nyuma yake imesimama, kama gari bovu katikati ya daraja.

"Pakieni tu!" nikapiga kelele.

"Zamu ya nani?" mmoja akajibu. "Nipakie nisimamishwe wiki? Wewe ndiye uliyeweka hiyo sheria."

Nikakimbilia gunia mwenyewe. Okwach, shavu limevimba, akaita kwa nguvu kila mtu asikie: "Omera! Zamu yako iko wapi?" Watu wakacheka, na kwenye hicho kicheko tone la kwanza likanipiga shingoni.

Queen ndiye aliyevuta turubai. Alivua viatu akaingia kwenye tope na Mama Dorcas, wanawake wawili wanavuta turubai la fuso, upepo unawavuta wao. Hapo ndipo Ngosha alipopiga kelele kwamba leo hakuna zamu, kila mtu abebe, na tukabeba. Tumechelewa. Karibu nusu ya mzigo umelowa. Dagaa akishalowa ndani ya gunia hauzwi tena kwa mtu, anauzwa kwa kuku.

Mama Dorcas hakutukana, na hilo ndilo lililotisha. Alisimama maji yanamchuruzika usoni akamwambia Ngosha: "Mwenyekiti, giza hili likiisha naleta vijana wa Usagara. Wako tayari, wanalala garini, hawana foleni, hawana dada wala jino. Na wafanyabiashara wenzangu watafuata, unajua watafuata."

Ngosha akaingia ofisini. Hakunitazama. Makuli wakatawanyika, na kila aliyenipita aliniita Oyoo, si Injinia.

Sisi arobaini na kitu tutakula wapi? Mimi nitarudi Rorya, nina shamba. Mzee Shimba atakwenda wapi na umri ule?

Nimeipitia programu tangu nirudi chumbani. Ina mistari ya kila mtu. Jino lina mstari wake. Nimejaribu kurekebisha mmoja, miwili mingine ikaharibika. Zile a, aa, aaa: kuna moja sikumbuki ni ya nini.

29 Novemba

Nimemuulizia Queen, nimeelekezwa Buzuruga. Queen anauza chaja na vioo vya simu pale stendi, kwenye meza yenye mwavuli. Sikujua. Nilidhani mtu wa cheti anakaa nyumbani kwa Mama Dorcas anatazama runinga.

"Karibu, kaka Oyoo. Umekuja kununua kioo?"

"Nimekuja unionyeshe nilipokosea."

Alipanga chaja zake kwanza. "Nikikuonyesha, kile kiti kinakwenda kwa nani?"

"Sijui. Lakini wakija wa Usagara hakuna kiti."

"Mimi nimemaliza chuo mwaka wa pili huu. Nimeandika barua mpaka mkono umechoka. Mama mdogo amenitafutia hiyo nafasi moja tu, na watu wako wakanizomea." Kisha akasema, "Kaa. Usikae juu ya chaja."

Akaenda kwa mama wa soda jirani akarudi na visoda kibao, vile vifuniko vya chupa, kwenye mfuko. Akavipanga mstari mezani. "Hawa ni makuli. Leo tunafiwa wote."

"Wote?"

"Wote. Tuue mama wa kila mtu, tuone programu itasema nini."

Mteja aliyekuwa anachagua kioo akaondoka.

Tuliua mama, tukalaza watu hospitali, tukazalisha wake wa watu watatu siku moja. Kila mara Queen aliuliza: sasa gari limefika, nani anabeba? Na kila mara visoda vyangu vilikwama. Sikuwahi kufikiria hivi. Mimi nilipoona imeitika, kwangu ilikuwa imekwisha. Yeye alifundishwa kwamba ikiitika ndiyo kwanza uanze kuivunja.

"Ya kwangu niliivunja kila upande ninaoujua," akasema. "Msiba sikuujua. Ungeniambia ningeuweka kwa mistari miwili."

"Hukuniuliza."

"Na wewe una roho mbaya." Alisema huku anacheka.

Tuliondoa kisoda cha msibani tukakiweka pembeni. Foleni inasonga. Akirudi, anaingia juu, anapakia gari la kwanza. Ni jambo dogo hivyo. Lakini vikiwa vingi pembeni, wanaobaki wanabeba magari yote na wanaorudi wanaingia juu yao kila siku, na hapo ngumi zinarudi. Kwa hiyo nani awekwe pembeni, nani aende mkiani? Queen akasema hilo halimo kwenye kompyuta, wala halipaswi kutoka kwangu nikiwa nimekaa na mtu mwenye jino. Waseme wenyewe, wote, mara moja.

Jioni nimeifuta programu yangu, zamu zimerudi kwa muda kichwani mwa Ngosha. Nilidhani itauma zaidi.

1 Desemba, Jumapili

Mkutano, baada ya ibada. Walikuja wengi, wengine na mashati ya kanisani. Ngosha akanipa nafasi kwa shingo upande. Nikasema foleni ilikwama kwa sababu yangu, na sasa mimi na Queen tunataka wao waseme nani zamu imngoje na nani isimngoje, na wakishasema, hakuna kunifuata tena pembeni.

Walisema kwa saa nyingi. Msiba, wote wakakubali, lakini msiba wa nani? "Shangazi!" "Shangazi yako wa ngapi huyo, kila mwezi anakufa!" Mzee Shimba akasimama: anayezika mtu wa nyumba yake, zamu imngoje; wanaomsindikiza wanakwenda kwa upendo, na upendo hauna zamu. Hata Kija mwenyewe alikubali, akiwa bado na huzuni. Wakakubali aliyelazwa hospitali. Wakakubali ambaye mkewe amejifungua, siku tatu. Mengine yote mkiani.

"Na jino?" mtu akauliza, na hata Okwach akacheka.

"Na kwenda nyumbani Krismasi?" Okwach akanigeukia. "Omera, hilo nalo?"

Kila mtu anajua naenda nyumbani.

"Mkiani," nikasema.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Kisha mzee Shimba akaleta jambo ambalo sikulitegemea. "Mwenye jina kwenye foleni asikae dirishani. Sisemi kwa ubaya, Oyoo."

Ngosha akasema, "Basi atoe jina lake, akae. Kijana ametufanyia kazi."

Wote wakanitazama. Ndicho kiti nilichokitaka tangu Oktoba, na mgongo wangu ulisema chukua, chukua, mjinga wewe. Nikamtazama Okwach na shavu lake. Nikajua nikikaa pale, hata bila jina, wiki haitaisha kabla sijafungua mlango mdogo kwa mtu niliyekula naye. Mimi nawajua mno.

"Akae Queen," nikasema. "Yeye anajua kusema hapana. Programu tutaandika wote wawili, na mimi nitabaki na jina langu."

Kulikuwa na miguno. Mzee Shimba ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, yeye aliyepelekwa wa thelathini na tisa. Wengine wakafuata.

Queen aliniambia tukitoka: "Sikukuomba hiyo."

"Sikukupa mimi. Umeipata kwa mkono wa mzee Shimba."

3 Desemba

Tumeandika siku mbili. Ananilazimisha majina yaeleweke: aliyeko_msibani, aliyelazwa. Marefu, yanachosha kidole. Lakini leo asubuhi nimeisoma yote nikaielewa kama barua. Mimi nimemfundisha kufupisha. Anazunguka sana kabla ya kufika.

6 Desemba

Wingu la Sengerema limesimama tena. Fuso la Mama Dorcas limeingia. Wawili wako hospitali, mmoja anazika. Queen akabonyeza, Ngosha akasoma majina sita, nami nilikuwa wa tano. Hakuna aliyeuliza neno. Tulifunga turubai, tukasimama chini ya paa, mvua ikamwagika juu ya gari lililojaa.

Mama Dorcas akapita akasema, "Leo hamkunichelewesha."

Ngosha anasema hajamsikia akimsifu mtu namna hiyo tangu amfahamu.

10 Desemba

Giza limeisha. Vijana wa Usagara hawatajwi tena. Mama Dorcas anasema wafanyabiashara wa mwalo mmoja kule Sengerema wamesikia, wanataka zamu zao zishikwe hivi hivi, na watalipa walioandika.

"Walioandika ni wawili," Queen akamwambia.

"Nimesikia," akasema Mama Dorcas. "Mimi siyo kiziwi."

14 Desemba

Nimeaga leo. Nilikwenda dirishani. Queen bado anavaa viatu vyeupe, ila sasa ana vya mpira chini ya meza.

"Nikuandike nini, kaka Oyoo?"

"Safari ya nyumbani."

"Safari ni mkiani."

"Najua. Niliisema mimi."

"Uko wa nne. Gari la kwanza la giza lijalo lingekuwa lako."

"Bonyeza, dada. Watu wanasubiri."

Akabonyeza. Nililiona jina langu likishuka, likapita la Kija, la mzee Shimba, likapita la Okwach, likakaa chini kabisa. Okwach, aliyekuwa amesimama nyuma yangu kuhakikisha, akasema, "Omera, msalimie Rozina," na safari hii hakukuwa na kejeli.

Kesho alfajiri napanda basi Buzuruga. Nitarudi wiki ya tatu ya Januari, mbalamwezi ikiisha. Siku za kwanza sitapakia, kwa kuwa nitakuwa mtu wa mwisho kwenye foleni. Siku hizo mimi na Queen tutavuka kwa kivuko kwenda Sengerema, tukakae na makuli wa kule watuambie wanazikaje watu wao, kabla hatujaandika hata mstari mmoja.